Plasta Ikauke Kwanza: Mwongozo wa Kuchora Ukuta wa Kijiji

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukianzia chini karibu na msingi hadi mkono unapoishia. Ukisikia sauti nzito, iliyojaa, plasta bado imeng'ang'ania tofali. Ukisikia sauti ya debe tupu, imeachia, na rangi utakayoipaka hapo itaanguka pamoja nayo. Zungushia chaki kila penye sauti ya debe. Ukimaliza ukuta mzima utakuwa na ramani ya kazi ya fundi mwashi, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza, hata kama kijiji kizima kinakuuliza brashi ziko wapi.

Ninaandika nikifikiria vijiji vya Kagera. Tetemeko la Jumamosi ile, 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba Bukoba mjini na vijijini, na nyingine likaziacha zimesimama na nyufa. Miaka kumi hivi kabla yake mnyauko wa migomba ulikuwa umeshaingia mkoani. Nyuma zaidi kuna UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza kutambuliwa nchini Tanzania walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983. Na nyuma ya huo kuna vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979. Kwa hiyo kijiji cha huku kikisema "tuchore ukuta wa kukumbuka tulikotoka," usikimbilie penseli. Waulize wametoka wapi hasa, maana utapata majibu manne na kila jibu lina wenyewe.

Msichore maafa

Huu ni msimamo wangu na sitauficha. Vijana wengi wanaopewa ukuta baada ya janga huchora janga: nyumba iliyolala, mama aliyeshika kichwa, machozi makubwa kama maembe. Mgeni atapiga picha na kuondoka. Aliyefiwa atapita mbele ya mchoro huo kila asubuhi akienda kuchota maji, kwa miaka minane au kumi. Ukuta ni wa huyo anayepita, na yeye hahitaji kukumbushwa.

Vuka mto Kagera pale Rusumo, uingie Rwanda hadi Nyakarambi, wilaya ya Kirehe. Huko wanawake hutengeneza imigongo, neno ambalo Mswahili hahitaji mkalimani: ni migongo, matuta. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikafinyangwa kwa vidole kuwa matuta yaliyonyooka, yenye pembe kali, kisha yakapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Masimulizi ya huko yanasema aliyeanzisha ni Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, aliyepamba hivyo kuta za ndani za nyumba. Mauaji ya kimbari ya 1994 yaliondoka na wengi waliokuwa na ujuzi huo. Waliobaki wakajikusanya katika ushirika, wakaanza upya, safari hii wakitengeneza na juu ya mbao ili kazi iweze kuuzwa. Angalia walichokitengeneza baada ya 1994: matuta yale yale ya bibi zao, pembe zile zile. Kupona kwao kulikuwa ni mkono kurudia kazi uliyoijua.

Mfano wa pili uko Murang'a, Kenya, katika kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau, kijana wa Marangu, Kilimanjaro, alichora humo picha tano za maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi msalabani. Yesu ni Mwafrika, na vilima vinavyomzunguka ni vilima vya Wakikuyu. Njau alikuwa mgeni pale, Mchagga kwa Wakikuyu, katika nchi iliyokuwa bado na majeraha mabichi. Alichowapa ni mahali pao wenyewe, pakiwa na habari kubwa kuliko vita.

Basi ukitaka kuonyesha kupona, tafuta kitu ambacho mkono wa kijiji umerudi kukifanya. Kagera kinapatikana kwenye mgomba. Mnyauko ulipoingia, wataalamu walifundisha wakulima kuliondoa ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kwa sababu kisu huhamisha ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Chora mama amesimama chini ya mkungu ameinua kijiti chenye panda. Mpita njia wa Dar es Salaam ataona mwanamke na mti. Mkulima wa Muleba atasoma habari nzima: tuliugua, tukajifunza, tunakula ndizi tena. Ukipata picha tatu za namna hiyo, ukuta wako umejaa.

Mkutano, na wale wasiokuja mkutanoni

Ruhusa ipite njia yake. Mwone mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na kama ukuta ni wa shule, mwalimu mkuu na kamati ya shule. Kisha jambo lifikishwe mkutano mkuu wa kijiji na liandikwe katika muhtasari: ukuta upi, nani atautunza, nani ana haki ya kuufuta. Hilo la mwisho watu hulisahau. Siku mkandarasi atakapotaka kubandika bango la simu pale, karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yenu.

Lakini mkutano hautakupa mchoro. Mkutanoni husema wale wanaosema siku zote, na watakuambia uchore viongozi. Mchoro uko kwa waliokaa kimya nyuma. Pita nyumba kwa nyumba jioni, salimia vizuri, kaa, na usiulize "urithi wenu ni nini," swali ambalo halina jibu. Omba kuonyeshwa kitu cha zamani kilichomo ndani. Kitatoka kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, chenye kiraka, kikapu kilichofumwa na marehemu shangazi, kipande cha lubugo, nguo ya magome ya mti, kilichokunjwa ndani ya kanga, enanga, ala ya muziki, isiyo na nyuzi. Kila kitu kina mwenyewe na mwenyewe ana maneno. Kichore hapo hapo, ukikitazama, na uandike jina la mwenye kitu nyuma ya karatasi. Ukichora kutoka kwenye simu utaleta kibuyu cha Kisukuma Uhayani, na watakucheka kwa haki.

Na tafadhali, twiga asiingie. Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam karibu mwaka 1968, alichukua vipande vya ubao mgumu na rangi ya baiskeli kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu naye, akapaka kile alichokuwa nacho moyoni. Waliomwiga walibaki na wanyama wake, na sasa kila ukuta wa shule nchini una twiga, hata mahali ambapo babu wa babu hakuwahi kumwona.

Nyuso ni suala la peke yake. Usichore uso wa marehemu anayetambulika mpaka familia yote iwe imekubali, pamoja na wale walioko mjini. Mjomba asiyeulizwa ndiye atakayekuja na ndoo ya chokaa. Katika kaya za Kiislamu wengine hawapendi kabisa sura za watu, achilia mbali za waliofariki. Mikono hutosha. Mkono unaochuma kahawa, mkono unaosuka, hata mgongo wa mtu anayeondoka na mkungu kichwani. Watu watajua ni nani bila wewe kuandika.

Mkishakubaliana, acha mwezi upite kabla ya kuanza. Weka michoro midogo kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji na usiseme neno. Maoni ya kweli huja wiki ya pili, kwa njia ya mtoto aliyetumwa.

Ukuta wenyewe

Huo mwezi haupotei, kwa sababu plasta nayo inauhitaji. Plasta mpya ya saruji iachwe wiki nne kamili kabla ya rangi. Mimi niliwahi kupaka ukuta wa zahanati siku ya tisa, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na tarehe yake. Baada ya miezi miwili anga yangu ya buluu ilikuwa imetoka chumvi nyeupe kama magadi, na ngozi ya rangi inabanduka kwa ukucha. Tangu hapo huwa napima hivi: chukua kipande cha nailoni chenye upana wa kama nusu mita, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache usiku na mchana. Ukikuta matone nyuma yake, ukuta bado una maji. Rudi baada ya wiki.

Nyufa zigawanye mara mbili. Ule mwembamba kama unywele, ulioko kwenye plasta peke yake, uchimbe kidogo, ufute vumbi, ujaze. Ule unaoingia kidole, au unaopanda kwa ngazi ukifuata maungo ya matofali, huo si wako. Aitwe mhandisi wa halmashauri au fundi anayeaminika auone. Kama hamna hakika unatembea au umetulia, bandika karatasi nyembamba kwa gundi ikiuvuka ufa, andika tarehe. Ikichanika kabla ya wiki sita, ukuta unaendelea kufunguka na hakuna wa kuchora hapo. Ufa uliotulia na kukaguliwa unaweza kujazwa na bado ukaonekana: kuna mahali ungekuwa mzizi mzuri wa mtoma, ule mti wenye magome yanayopigwa kuwa lubugo.

Kuhusu mahali, Kagera iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo ukuta unaotazama mashariki au magharibi hupigwa na jua nusu ya siku, mwaka mzima. Unaotazama kaskazini au kusini hupumzika zaidi, na rangi yake hudumu. Tafuta paa lenye upenu mpana. Tazama chini: maji ya mvua yanayoruka kutoka ardhini hufika karibu magotini na huacha matope, ndiyo maana wazee wetu husiriba sehemu ya chini ya nyumba kwa udongo mweusi. Fanya hivyo hivyo, mkanda wa kahawia iliyokolea wa nusu mita, na usichore kitu cha maana humo. Kama ni ukuta wa uwanjani, mpira utapiga hapo kila siku, na mbuzi wataukwaruza.

Chokaa ya zamani ni adui aliyejificha. Rangi ya maji juu ya chokaa inayotoa unga haishiki. Isugue kwa brashi ya waya mpaka kiganja kikipita kisitoke cheupe, kisha osha. Penye ukungu mweusi paka jiki iliyochanganywa na maji, subiri, suuza, anika. Halafu praima ya plasta mpya, na tabaka mbili za rangi nyeupe ya nje. Tumia rangi ya maji, siyo ya mafuta: ukuta wa kijijini hupumua unyevu kutoka msingini, na rangi ya mafuta huuziba hadi itoe malengelenge.

Hesabu ni rahisi. Ukuta wa mita 10 kwa 3 ni mita za mraba 30. Kwenye plasta laini lita moja hufika mita za mraba nane hadi kumi. Kwenye plasta ya kijijini hesabu sita. Tabaka mbili ni mita za mraba 60, yaani lita 10, basi nunua makopo matatu ya lita 4. Kwa rangi za mchoro wenyewe, kopo moja moja la nyekundu, njano na buluu, lita moja ya nyeusi, na nyeupe ya kutosha kuchanganyia. Kijani usinunue. Kijani cha dukani ni cha meza za plastiki. Cha mgomba unakipata kwa njano nyingi, buluu kidogo, na tone la nyekundu la kukizima ukali.

Rangi ya ardhini

Hapa ndipo ninapokaa kwa furaha. Kwenye barabara iliyokatwa kilimani utaona udongo mwekundu, wa manjano, na pengine mweupe. Nyekundu hiyo ni chuma, na Kagera na chuma ni watu wa zamani: pale Katuruka, Maruku, watu walikiyeyusha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ni nyekundu hiyo hiyo ya madini iliyobaki katika michoro ya mapangoni Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nyekundu ya kopo la bei nafuu hupauka kabla ya watoto kumaliza darasa la saba. Ya ardhini haijui jua.

Twanga udongo, chekecha, loweka usiku kucha katika ndoo. Asubuhi koroga, hesabu hadi thelathini ili mchanga uzame, kisha mimina maji yenye rangi katika ndoo ya pili kupitia kanga kuukuu. Yaache yatulie hadi kesho, mwaga maji ya juu, ubaki na uji mzito. Vikombe vitatu vya uji kwa kimoja cha gundi nyeupe ya seremala. Paka kwenye tofali la kujaribia na uache likauke. Ukisugua kwa kidole ikatoka, ongeza gundi. Ikipasuka pasuka, udongo umezidi, ongeza mchanga laini kidogo. Rangi hii iwekwe chini ya upenu au ndani ya jengo, kwa sababu mvua ya moja kwa moja bado itaishinda. Wape kazi hii akina mama wanaosiriba nyumba zao. Wanajua uzito wa uji kwa kuutazama ukidondoka kidoleni, ujuzi ambao mimi nimeutafuta kwa miaka.

Kutoka karatasini hadi ukutani

Piga mchoro wako miraba ya sentimita 5. Ukutani piga miraba ya sentimita 50, kwa uzi uliopakwa unga wa chaki: wawili wauvute, wa tatu auvute na kuuachia kama uzi wa upinde. Hakikisha mstari wa kwanza kwa pima maji, siyo kwa ukingo wa paa, maana mapaa yetu hayakuapa kunyooka. Kisha hamisha mraba kwa mraba. Mkaa unafaa kuchorea, lakini upanguse kwa kitambaa kikavu kabla ya kupaka, la sivyo njano yako itageuka matope. Kila baada ya nusu saa rudi nyuma hatua ishirini. Kilichonyooka ukiwa karibu huwa kimelewa ukiwa barabarani.

Na mkungu uchore vizuri. Nilipokuwa kijana nilichora ndizi zikielekea chini, kama vidole vya mtu aliyechoka. Bibi mmoja alisimama na kuni zake kichwani, akatazama kwa muda mrefu, akauliza, "Mwanangu, huu mgomba umekufa lini?" Ndizi kwenye mkungu hujikunja kuelekea juu. Jani la mgomba huchanwa na upepo likawa vipande. Jani zima kabisa ni la picha ya hoteli. Buni za kahawa hushikana na tawi kwa vishada, wala haziningʼinii kama zabibu. Senene wako wa kijani na wako wa kahawia, na watoto watakuhesabia miguu.

Siku za kupaka

Juni hadi Agosti, kati ya masika na mvua za vuli. Anzeni saa moja asubuhi, simameni saa tano ukuta unapokuwa wa moto, kwa sababu rangi inayokauka mkononi haishiki; rudini saa tisa. Andika namba katika kila sehemu ya mchoro na namba hiyo hiyo kwenye kopo, hapo hata asiyewahi kushika brashi ataweza kujaza mraba wake. Watoto wapake chini ya mita moja na nusu. Juu ya hapo ni jukwaa la mirunda lililofungwa na fundi, na hakuna anayepanda ngazi bila mtu wa kuishika. Watu ishirini kwa wakati mmoja ni wengi mno kwa mita kumi. Wagawe zamu kwa vitongoji, na pangeni mapema nani anapika, kwa kuwa zamu isiyo na chai huisha saa tatu.

Mistari ya mwisho, nyuso kama zipo, na mikono, aipake mtu mmoja. Hili si jambo la demokrasia.

Mfadhili akitaka nembo, iwe na ukubwa wa kiganja, kona ya chini, juu kidogo ya mkanda wa matope. Vanishi iache, isipokuwa kipimo cha nailoni kimetoka kikavu kabisa. Rangi zilizobaki zihifadhi katika chupa ndogo zilizojaa hadi shingoni, uandike juu ya kila moja ilivyochanganywa na imepakwa wapi, kisha umkabidhi yule aliyeandikwa katika muhtasari. Kila Julai apite na kitambaa cha maji na brashi ndogo.

Jukwaa likishashushwa, acha ngazi moja, kopo la kijani, la nyekundu na la nyeupe pale pale kwa siku mbili kabla ya kumwita mgeni rasmi. Watakuja, hasa jioni, mmoja mmoja. Watakuambia mlango wa msonge ulikuwa upande ule, kikapu kile hakikuwa na mpini. Panda, rekebisha.